Safari za meli ndogo katika Visiwa vya Galapagos

Safari za meli ndogo katika Visiwa vya Galapagos ni aina ya utalii ambapo wageni wachache, mara nyingi wasiozidi 16, hulala melini kwa siku kadhaa na kutembezwa kisiwa hadi kisiwa ili kuona wanyamapori na mandhari ya volkeno. Galapagos ni funguvisiwa la Ekuador katika bahari ya Pasifiki, takriban km 1,000 magharibi kwa pwani ya Amerika Kusini. Ikweta hupita juu ya Isabela, kisiwa kikubwa kuliko vyote.

Volkeno na mikondo ya bahari

Visiwa vyote vilizaliwa na volkeno. Chini ya bamba la Nazca kuna mahali penye joto kali ambapo mwamba ulioyeyuka hupanda juu. Bamba lenyewe husogea polepole kuelekea mashariki, na kwa sababu hiyo visiwa vya mashariki, kama Española na San Cristóbal, ni vikongwe na vimemomonyoka, lakini vile vya magharibi bado vinawaka. Isabela iliundwa na volkeno sita zilizoungana. Kwenye kisiwa jirani cha Fernandina, volkeno ya La Cumbre ililipuka tena Machi 2024.

Mtu akisikia ikweta hutegemea joto, lakini hapa mkondo baridi wa Humboldt hutoka kusini, na mkondo mwingine wa chini kwa chini hugonga visiwa vya magharibi na kupandisha maji baridi yenye lishe nyingi. Ndiyo maana ngwini huishi hapa. Wachache wao huzaliana hata kaskazini mwa ikweta, jambo lisilofanywa na ngwini wa mahali pengine popote.

Mwenendo wa safari

Wageni hufika kwa ndege kutoka Quito au Guayaquil na kutua kwenye kisiwa cha Baltra au San Cristóbal. Mizigo hukaguliwa isibebe mbegu, matunda wala wadudu. Meli husafiri hasa usiku, abiria wakiwa wamelala, na alfajiri hutia nanga mbele ya kisiwa kingine. Kutoka hapo watu hupelekwa ufukoni kwa kiboti cha mpira ambacho wenyeji hukiita panga. Msomaji wa Kiswahili asishtuke, hakina uhusiano na chombo cha kukatia. Mahali pengine hushuka juu ya mwamba, na mahali pengine huingia majini hadi magoti.

Kila kundi lina kiongozi mwenye kibali cha Hifadhi ya Taifa, na kiongozi mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya watu 16. Wageni hufuata njia zilizowekewa alama, hukaa mita mbili mbali na wanyama, na hawaruhusiwi kuokota hata jiwe.

Wanyama

Wanyama wengi hawamkimbii binadamu, kwa kuwa hapakuwa na wanyama wakubwa wa nchi kavu wala nyama waliowafundisha woga. Simba-bahari hulala katikati ya njia, na mgeni ndiye anayepisha. Iguana wa baharini ndiye mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini: huzamia kula mwani, kisha huota jua juu ya lava na kutoa chumvi puani. Mnandi wa Fernandina na Isabela amepoteza uwezo wa kuruka. Albatrosi wa Galapagos huzaliana karibu wote Española, na anayefika huko kati ya Januari na Machi kwa kawaida hamkuti.

Mabaharia na kobe

Charles Darwin alikaa hapa takriban wiki tano mwaka 1835. Kabla na baada yake walipita wawinda nyangumi, na hao ndio walioacha madhara. Kobe mkubwa anaweza kuishi miezi mingi bila chakula wala maji, basi mabaharia waliwapakia melini wakiwa hai kama akiba ya nyama. Kobe wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyejulikana kama George Mpweke, alikufa tarehe 24 Juni 2012. (Kobe wakubwa wanaoonekana Changuu, Zanzibar, ni wa ukoo mwingine, wenye asili ya Aldabra huko Shelisheli.)

Mbuzi walioletwa na watu walikula majani yaliyowalisha kobe. Kati ya 1997 na 2006 zaidi ya mbuzi 100,000 waliuawa Santiago na kaskazini mwa Isabela. Wa mwisho walipatikana kwa hila: mbuzi mmoja alifungwa shingoni kifaa cha redio na kuachwa awatafute wenzake, kisha wawindaji wakamfuata. Aliitwa "mbuzi Yuda".

Kanuni na mvutano

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1959 na inachukua asilimia 97 ya nchi kavu. Mwaka 1978 visiwa viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kuanzia 2007 hadi 2010 vilihesabiwa kuwa hatarini, sababu mojawapo ikiwa ongezeko la utalii. Meli ya watalii haiwezi kuchukua zaidi ya abiria 100, na tangu 2012 hairuhusiwi kurudi mahali pale pale kabla ya siku 14 kupita.

Kikomo cha melini hakikuzuia ongezeko la wageni. Siku hizi wengi wao hulala hotelini Santa Cruz, San Cristóbal na Isabela. Kwa wakazi hilo ni nafuu, maana fedha huingia katika maduka yao badala ya kuishia melini. Lakini hoteli zinahitaji shehena nyingi kutoka bara, na katika shehena hujificha wadudu: nzi Philornis downsi, ambaye funza wake hunyonya damu ya makinda ya chiriku wa Darwin, aliletwa na watu. Tarehe 1 Agosti 2024 ada ya kuingia kwa watu wazima wengi wa kutoka nje ya nchi ilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200 za Marekani.