Kusaidia Wenye Shida Kunajenga Jamaa



Kwenye kliniki tunapima kilo za mtoto wako. Lakini roho yake haipimwi kwa mizani. Inakomaa kwa yale anayoyaona nyumbani kila siku. Leo tuseme juu ya jambo moja kati ya hayo: kusaidia wenye shida.

Hapa Mubambiro, kwenye barabara ya Goma na Sake, jambo hili si geni. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa kartye nyingi za Goma wahame. Maelfu walipita njia hii kuelekea Sake, na jamaa nyingi zikawapokea. Februari 2024 vita ilikaribia Sake, na watu wa Sake wenyewe wakakimbilia Goma na magodoro kichwani. Aliyepokea jana akawa wa kupokelewa. Mwaka 2025 wengi wakarudi, wengine wakakuta nyumba zimebomoka. Unaona, mama? Kwetu kusaidia si kazi ya matajiri. Ni zamu.

Mtoto anajifunza nini?

Akikuona unamgawia jirani maharagi, anajifunza bila hotuba kwamba mtu si kitu cha kutupa. Akipeleka bidoni ya maji kwa bibi asiye na nguvu, anajua kwamba mikono yake ina faida. Kijana anayekaa bure, asiyeitwa na mtu kwa kazi njema, anavutwa upesi na pombe au na wenye silaha. Kusaidia hakumalizi hatari hiyo, lakini kunampa jina zuri katika kijiji, naye ataogopa kulipoteza.

Lakini usaidie kwa akili

1. Wageni wakijaa nyumbani, choo kinajaa na maji yanapungua. Hapo kolera inapata njia. Mwaka 1994 iliua maelfu na maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma. Chemsha maji ya kunywa, hata yakionekana safi, au yatie dawa. Wote, wenyeji na wageni, wanawe mikono kwa sabuni wakitoka chooni na mbele ya kula. Sabuni ikikosekana, tumia majivu.

2. Fundisha vijana kutengeneza maji ya kuharisha: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila anapoharisha, na apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Yakipita masaa 24, yamwage, utengeneze mapya. Kijana wa miaka 12 anaweza kazi hii, na anaweza kuokoa maisha ya mtu.

3. Usimsahau wako. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa yako tu, usiku na mchana. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wasilale njaa kwa sababu ya wageni. Kama chakula hakitoshi, sema wazi kwa chifu, kwa kanisa au kwenye kituo cha afya. Kusema hivyo si haya.

4. Usimtwike binti peke yake. Mara nyingi tunasema "tunasaidia", kumbe ni binti anayechota, anayepika na anayefua, hata masomo yanampita. Kaka yake naye achote maji, apasue kuni, afagie choo. Baba naye aonekane. Binti asitumwe peke yake gizani au mahali pasipo watu.

5. Linda heshima ya mgeni. Usitangaze shida yake kwenye soko. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpe naye kazi anayoiweza, asijione mzigo. Watoto wenu wacheze pamoja, wale pamoja.

Basi mama, jioni hii anza na kidogo. Uliza watoto: "Nani karibu yetu anahitaji maji kesho?" Waache wao wajibu, wao wachague wa kwenda. Nenda nao mara ya kwanza. Mara ya pili watakukumbusha wao.