Mlango wa Chumba cha Kunasia Sauti
Karatu iko kando ya njia kuu iendayo Ngorongoro, na magari ya watalii huipita mchana kutwa. Kijana anasaye kaswida nyumbani hana budi kuanza na mlango, maana penye upenyo wa hewa, na sauti hupita. Kwanza na azibe miimo na kizingiti kwa ukanda wa mpira. Pili, mlango wa mbao nzito kama mninga huzuia kelele kuliko wa plaiwudi ulio mtupu ndani. Blanketi hupunguza mwangwi tu. Lakini enyi wazazi, chumba kilichozibwa hakipitishi hewa. Hata baridi ya Karatu ikizidi, jiko la mkaa lisiingizwe humo kamwe: sumu yake haina harufu, nayo huua kimya kimya.