Kilimanjaro ya Unga: Mtoto wa Minto na Kazi ya Nyumbani Kuhusu Nchi Zetu

Minto ni kitongoji cha kusini-magharibi mwa jiji la Sydney, umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka katikati ya jiji. Ni ardhi ya asili ya Wadharawal. Msomaji anaweza kuuliza: kitongoji hicho na chama cha wanafunzi wa Kiswahili wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mtoto wa shule wa huko hukabidhiwa kazi ya kujifunza kuhusu nchi zetu, akaifanyia mezani nyumbani kwa mkasi, gundi na rangi. Sisi tunaosomea lugha ya nchi hizo tuna la kumpa.

Kwa miaka mingi mtaala wa taifa wa jiografia wa Australia uliliweka bara la Afrika, pamoja na Amerika ya Kusini, katika mwaka wa nne wa shule. Mwanafunzi wa hapo ana miaka tisa au kumi. Mwaka 2021 kazi za nyumbani zilipata uzito mpya. Minto imo ndani ya halmashauri ya Campbelltown, iliyokuwa miongoni mwa maeneo yaliyowekewa masharti makali zaidi wakati wa korona, na kuanzia Julai hadi Oktoba watoto wengi walisomea nyumbani. Meza ya chakula ikawa dawati, na mzazi akawa mwalimu.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kazi ya mtoto mmoja ikibandikwa ukutani, darasa zima linaiona. Ikiwa ina simba na kibanda cha nyasi tu, basi hiyo ndiyo Tanzania au Kenya watakayokua nayo. Hatusemi simba ni uongo. Serengeti ipo na simba wamo. Tunasema nchi ni zaidi ya mbuga.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Sydney ina familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Katika nyumba za namna hiyo mara nyingi mama huuliza kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza. Kazi kuhusu nchi ya mbali huenda ikawa ndiyo kazi pekee ya shule ambayo bibi anaijua kuliko mwalimu. Nafasi hiyo ikipita bure, mtoto hujifunza nchi ya wazazi wake kutoka kwenye kitabu cha picha, na bibi ameketi chumba cha pili.

Katika kikao chetu tulijiuliza ni vitu gani mtoto anaweza kuvitengeneza kwa vifaa vya jikoni, kila kimoja kikiwa na Kiswahili ndani yake. Tulivijaribu wenyewe, na hivi ndivyo tulivyovichagua.

Cha kwanza ni mlima. Unga, chumvi na maji hukandwa, hukaushwa, hupakwa rangi. Kilimanjaro ina mita 5,895, na Kosciuszko, mlima mrefu kuliko yote katika bara la Australia, una mita 2,228. Mtoto akiifinyanga yote miwili kwa kipimo kimoja, sentimita moja kwa kila mita 500, ataona kwa macho yake kwamba mmoja unakaribia sentimita 12 na mwingine haufiki hata tano.

Cha pili ni saa ya karatasi. Mtoto aandike saa moja mahali ambapo saa ya ukutani inaonyesha saba, kisha aeleze sababu: sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Majira ya baridi ya Sydney, kengele ya kutoka shule ikilia alasiri saa tisa, Dar es Salaam ndiyo kwanza saa mbili asubuhi.

Cha tatu ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Makasha matatu ya mayai ya dazeni moja yanatosha, na vishimo vinne vinabaki. Kwa bao la kujifunzia, kila shimo hutiwa kete mbili, na maharage yanafaa sana. Hapo hesabu, mchezo na msamiati, yaani kete, shimo, nyumba na kutakata, huenda pamoja.

Cha nne ni sarafu, nacho ndicho kilichotugusa zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Zilipochunguzwa miaka mingi baadaye, tano kati yake zilibainika kuwa za Kilwa. Zilifikaje? Wataalamu wangali wanabishana. Sarafu za Kilwa zilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitika mwingine. Mtoto akate karatasi ngumu, aandike jina lake upande mmoja, na upande wa pili sentensi ya Kiswahili inayofanya kina na jina hilo. Atakuwa ametunga.

Cha tano ni kanga ya karatasi: pindo, mji na jina. Jina aliombe kwa mtu mzima wa nyumbani. Aliyepewa "haba na haba hujaza kibaba" atalazimika kuuliza kibaba ni nini, na mazungumzo yataanza yenyewe.

Tunapendekeza chama kiandae maelezo ya kazi hizi tano, kila moja ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na sauti za matamshi. Walimu wetu wayahariri. Yawe tayari kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huko New South Wales mara nyingi huangukia likizo ya shule. Idhaa ya Kiswahili ya SBS, redio ya umma ya Australia, ni mlango mmojawapo wa kuzifikia familia hizo.

Tumezoea kusema Kiswahili kinavuka mipaka. Mara nyingi tunawaza mikutano mikubwa na vyuo vikuu. Tuwawaze pia watoto wa miaka tisa wenye unga mikononi, wanaomwuliza bibi: kibaba ni nini?