Tarawehe za Nyumbani

Kipungani ni kijiji kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu. Wanawake wake ni mashuhuri kwa kusuka mikeka, vikapu na kofia. Wanaume wake ni watu wa bahari. Siku zao huzihesabu kwa maji kujaa na kupwa, na kwa adhana tano.

Basi fikiri, ndugu msomaji, mwaka 2014 ulivyowakuta watu wa visiwa hivi. Katikati ya Juni watu zaidi ya 60, wengi wao Wakristo, waliuawa Mpeketoni na sehemu za jirani, upande wa bara. Ilipofika Julai 20, serikali ikakataza watu wa Lamu kutoka nje tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kama hiyo asubuhi. Mwezi ulikuwa Ramadhani, na kumi la mwisho ndiyo kwanza linaingia. Aliyezoea kufuturu kisha akaenda kuswali tarawehe pamoja na wenziwe, sasa usiku ulimkuta nyuma ya mlango uliofungwa. Uvuvi wa usiku nao ulikuwa marufuku, usiruhusiwe tena hadi mwaka 2018. Riziki ikipungua na jamaa ikitawanyika, moyo huanza kunong'ona kuwa Mola ametusahau.

Hapo ndipo elimu ya dini inapomfaa mtu. Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu msikitini masiku machache tu ya Ramadhani, kisha akabaki nyumbani kwa kuchelea swala hiyo isije ikafaradhishwa kwa umma wake. Seyyidna Umar ndiye aliyewakusanya watu baadaye nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab. Kwa hivyo anayeswali tarawehe chumbani kwa sababu ya dhiki hakuachiwa makombo ya ibada. Mkewe yuko nyuma yake, na mtoto aliyekuwa akisinzia baba akiwa msikitini sasa anamsikia akisoma.

Wasusi wa Kipungani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Mkeka hauzuki siku moja. Husukwa ukili mwembamba, ukashonwa kwa ukili, hata ukaenea chumba. Imani iliyochoka nayo huhuishwa vivyo hivyo: rakaa mbili leo, kurasa chache za Msahafu kesho, dua kabla ya daku. Sura ya Alam Nashrah ina aya 8 tu, na ndani yake ahadi ya faraja imetajwa mara mbili mfululizo.

Lakini kuna kipimo. Dhiki huweza kumfanya mtu aswali sana na huku amchukie jirani. Mkristo aliyefiwa Mpeketoni naye aliinua mikono kumlilia Mola. Anayetandika mkeka wake usiku na kujiombea faraja, asiinuke kabla hajamwombea na huyo.