Kupima Hewa Ipitayo Bombani

Hewa haionekani, yapimwaje basi ipitapo bombani? Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi, mtu wa Italia, alieleza habari za maji yapitayo mahali pembamba. Na hewa hufuata desturi iyo hiyo.

Bomba hufanyizwa lenye shingo nyembamba. Hewa ifikapo shingoni hulazimika kwenda mbio, na kadiri mbio zizidivyo, ndivyo nguvu yake ya kusukuma kando ipunguavyo. Mrija wa kioo uliopindwa, wenye maji, huunganishwa na bomba: ncha moja kabla ya shingo, ya pili shingoni. Maji hupanda upande wa shingo. Tofauti ya vimo viwili huonyesha mwendo wa hewa.

Mbele ya shingo bomba hupanuka polepole. Likipanuka ghafula, hewa huzunguka-zunguka, sehemu kubwa ya nguvu iliyopungua hairudi, na mashine isukumayo hewa hutaabika bure.