Pikipiki ya Mwinjilisti wa Ulemo: Tuiongezee Nguvu au Tuirudishie Nguvu Yake?



Kamati ya Maendeleo ya Ulemo, wilayani Iramba, ilituletea barua ya kuomba fedha za "kuongeza nguvu" ya pikipiki ya mwinjilisti. Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya zamani, iliyobaki baada ya mradi mmoja kumalizika. Barua ilieleza kuwa chombo hicho hakiwezi tena kupanda Mlima Sekenke kikiwa na watu wawili. Mwinjilisti na muuguzi wanapotoka kuhudumia mitaa ya bondeni, upande wa Shelui, muuguzi hulazimika kushuka na kutembea kwa miguu, jua linazama, malori yanapanda na kushuka, naye amebeba sanduku la dawa. Kwa sababu hiyo hatukuweza kuiweka barua ile kwenye faili isubiri bajeti ya mwaka unaofuata.

Kamati ilikuwa na mapendekezo matatu: kuchonga silinda iwe kubwa, kufunga injini ya Kichina ya cc 150, au kuiuza na kununua pikipiki mpya. Kwa kuwa kamati nyingine zina vyombo vya umri huo huo, na wafadhili huuliza kwa nini fedha zinawekwa kwenye chuma chakavu, tumeona tueleze tulivyofikia uamuzi.

Tuanze na silinda, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. DT 125 ilitoka kiwandani ikiwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 56, na pistoni inayosafiri milimita 50. Ukipiga hesabu unapata cc 123. Ukichonga silinda hadi kipimo cha mwisho cha pistoni za ovasaizi, yaani milimita 1 nzima, unapata cc 127 na nusu hivi. Nyongeza haifiki asilimia 4. Mwendeshaji anayesema pikipiki yake "imekuwa mpya" baada ya kuchongwa hasemi uongo, lakini kilichomsaidia si ukubwa wa silinda. Kilichomsaidia ni pistoni na ringi mpya zinazoziba vizuri, zisizoacha mgandamizo uvuje.

Wapo mafundi wanaotoa ahadi kubwa zaidi. Injini hii ni ya mipigo miwili, haina vali kama za Honda. Hewa na moshi hupita kwenye matundu yaliyo ukutani mwa silinda. Usharika mmoja, ambao hatutautaja, ulikubali fundi apige tupa tundu la moshi ili lipande juu, kisha aondoe chujio la hewa "injini ipumue". Kweli ilipumua. Tundu likipandishwa, nguvu huhamia kwenye mzunguko wa kasi na injini hukosa mvuto ikizunguka taratibu, na mlimani unahitaji mvuto huo. Tena hewa ikizidi petroli mchanganyiko huwa mwepesi, pistoni hupata joto kupita kiasi na kunata. Injini ile ilinoki kabla ya miezi miwili kwisha. Silinda iliyopigwa tupa hairudi ilivyokuwa, na sisi ndio tuliokuwa na kazi ya kuwaandikia waliotoa fedha.

Kwa hiyo Ulemo hatukuanza na kununua kitu. Tulikwenda na fundi, tukaiweka pikipiki juu ya kreti na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikuzunguka hata mara moja kamili: breki ilikuwa imekamata. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi na oili mpaka likawa kama tofali. Bomba la ndani la ekzosi lilikuwa limezibwa na masizi kiasi kwamba kidole kidogo hakikupita, na injini ya mipigo miwili isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Baada ya kufungua silinda tulipima pengo la ringi tukakuta karibu milimita 1, wakati la ringi mpya huwa chini ya nusu ya hapo. Hata kiki ilikuwa imeshatuambia, maana ilizama kwa uzito wa mkono tu.

Tuliamua kuchonga silinda, lakini kwa milimita 0.50, kiasi cha kuondoa mikwaruzo. Hapa tunaomba kamati zizingatie jambo moja: pistoni hununuliwa kwanza, hupimwa, ndipo silinda huchongwa kuifuata. Ukifanya kinyume chake unaweza kubaki na silinda isiyo na pistoni ya kuitosha.

Pia tuliangalia kabureta. Uwanda wa Iramba uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Sehemu hiyo ya nguvu haiwezi kurudishwa na fundi yeyote kwa bisibisi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi mno huku juu, plagi ikawa nyeusi. Tulishusha jeti kubwa kwa hatua moja tu, tukaendelea kukagua rangi ya plagi ili tusifike kule walikofika wenzetu.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Tatizo la uchakachuaji lilisababisha EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kupata joto inapobeba mzigo. Mwinjilisti ameombwa asijaze kwenye chupa za barabarani ikiwa kituo kipo karibu.

Msaada mkubwa kwa Sekenke, hata hivyo, ulitokana na kipande kidogo kuliko vyote. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno 15, tukafunga ya meno 14. Nguvu ya injini haikuongezeka hata kidogo, ila mvuto kwenye gurudumu uliongezeka kwa asilimia 7, na mwendo wa juu ukapungua kwa kiasi hicho hicho. Mwinjilisti alinung'unika kuhusu barabara tambarare ya kwenda Singida, na ana haki, lakini mlima anaupanda kila wiki na Singida anakwenda mara chache.

Kuhusu injini ya Kichina, waliopendekeza walikuwa na hoja nzuri: spea zake zinapatikana kila senta penye bodaboda, za DT hazipatikani. Tulikwama kwenye kuchomelea fremu na kulinganisha mstari wa cheni. Isitoshe, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili, hivyo mabadiliko hupelekwa TRA. Kama fedha zingekuwepo, tungechagua pikipiki mpya ya mipigo minne bila kusita. Hazikuwepo, na muuguzi alikuwa anatembea.

Baada ya kilomita 500 za kuizoesha injini taratibu, tulikwenda Shelui na kurudi: watu wawili na sanduku. Ilipanda kwa gia ya pili, sehemu nyingine ya tatu, bila mtu kushuka.

Risiti zote ziko ofisi ya usharika. Silinda imebakiza vipimo viwili vya kuchongwa, 0.75 na 1.00. Kamati imeanza mfuko wa pikipiki mpya kwa mavuno ya alizeti, ili fedha ziwe tayari kabla cha pili hakijatumika.