Siku ya kukwama mpakani si lazima ipotee bure

OKTOBA ni mwezi wa sikukuu katika ukanda huu. Tarehe 9 Uganda huadhimisha uhuru wake. Tarehe 13 Burundi humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, na tarehe 21 humkumbuka Rais Melchior Ndadaye. Tarehe 14 ni Siku ya Mwalimu Nyerere nchini Tanzania, tarehe 20 ni Siku ya Mashujaa nchini Kenya, na tarehe 24 ni zamu ya Zambia kusherehekea uhuru.

Kwa mwajiriwa wa ofisini hizo ni siku za kupumzika. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hesabu ni nyingine. Upande wako ni siku ya kazi, upande wa pili benki imefungwa, wakala wa forodha hapokei simu, na karatasi ya mzigo inasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda kijijini kwao. Mzigo umelala katikati.

Siku kama hiyo wengi huimaliza kwa namna moja: kitanda cha gesti, chai ya tatu, simu kwa wakala kila nusu saa. Chumba unakilipia vilevile, na jioni umechoka kana kwamba umebeba magunia.

Makala haya yanapendekeza uitumie siku hiyo kutembea. Si safari ya kitalii ya wiki nzima, bali ya kutoka asubuhi na kurudi kabla ya giza, kwa nauli ya kawaida, kwenda mahali ambapo pengine umepita karibu napo kwa miaka.

Majira nayo yanaruhusu. Wenzetu wa Ulaya huu ndio wakati wanaokwenda misituni kutazama majani yakigeuka rangi na kupukutika. Huku kwetu ni kinyume chake: majani ndiyo yanarudi. Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni mvua za vuli, Rwanda huita msimu huu umuhindo, na kusini magharibi mwa Uganda mvua huwa zimeshashika kasi. Mara nyingi asubuhi huwa nyeupe na mvua hungoja mchana. Mwenye kutoka saa kumi na mbili anapata nusu ya siku iliyo safi.

Katuna: ziwa nyuma ya kilima

Oktoba moja nilikuwa Katuna, upande wa Uganda, nikifuatilia habari ya ushuru. Nilikaa benchi moja na mama mmoja kutoka Kigali anayenunua nguo Kampala. Alikuwa amepita barabara ile kwa zaidi ya miaka kumi, akizijua gesti zote za Kabale kwa majina na bei. Ziwa Bunyonyi hakuwahi kuliona.

Kutoka Katuna hadi Kabale ni takriban kilomita 20. Kutoka Kabale hadi ziwani ni kilomita kama 8 tu, barabara inapanda kilima kisha inashuka. Tulikodi gari moja watu wanne. Tulipofika juu ya kilima, mama yule alinyamaza, kisha akakasirika. Alisema miaka yote hiyo alikuwa akilala umbali wa dakika ishirini na mahali pale, na hakuna aliyemwambia.

Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Ziwa limejaa visiwa, na vilima vinavyolizunguka vimelimwa kwa matuta hadi kileleni. Hakuna viboko wala mamba, ndiyo maana utawaona watoto wakienda shule kwa mitumbwi ya gogo. Pwani ya ziwa wanapika kamba wa maji baridi. Kuna baridi pia, kwa hiyo beba koti.

Usiende bila kumwomba mwenye mtumbwi akueleze habari za visiwa. Kimoja, Akampene, ni kidogo mno, nyasi na mti tu. Hapo zamani wasichana walioshika mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Wengine waliokolewa na wanaume maskini wasio na ng'ombe za mahari, waliokuja na mtumbwi kuchukua mke. Kisiwa kingine, Bwama, kilikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma iliyoanzishwa na daktari Mwingereza, Leonard Sharp, miaka ya 1930. Leo kuna shule.

Wakati wa kurudi mama yule alizungumzia jambo moja tu. Mpaka wa Gatuna na Katuna ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019, na mbali na majaribio mafupi ya kupitisha malori, haukufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Wateja aliwapoteza, mtaji ukaliwa. Alisema alikuwa ameshazoea kudhani kwamba barabara ile itakuwepo siku zote.

Sirari: nyumbani kwa Mwalimu

Kufungwa kwa mpaka si jambo geni. Wafanyabiashara wazee wa Sirari na Isebania wanakumbuka kufungwa kurefu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Kama umekwama Sirari tarehe 14 Oktoba, basi mahali pa kwenda pako wazi: Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Panda gari la Musoma au Mwanza, uteremke Makutano, kisha uchukue usafiri wa Butiama. Njiani, kwenye daraja la Kirumi, utavuka Mto Mara. Ndio uleule wanaouvuka nyumbu kwenye picha za watalii, ila hapa umetulia na kupanuka katika mafunjo, ukikaribia kuingia Ziwa Victoria.

Butiama kuna makumbusho yenye vitu vyake binafsi na zawadi alizopewa, na karibu yake Mwitongo, mji wa familia, ambako kuna kaburi lake. Anayetarajia fahari atashangaa. Ni mawe makubwa, miti, upepo na kimya. Siku yenyewe ya tarehe 14 huwa na wageni wengi. Ukitaka kusikiliza maelezo kwa utulivu, nenda siku moja kabla au baada.

Ukiwa pale, fanya hesabu hii ndogo. Mwalimu alifariki dunia Oktoba 14, 1999. Mkataba wa kuirudisha Jumuiya ulitiwa saini Arusha Novemba 30 mwaka huohuo, wiki zisizofika saba baadaye. Aliyekuwa mmoja wa waasisi wa Jumuiya ya kwanza hakuiona ya pili.

Kwa aliye upande wa Isebania, kuna Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori. Ni maboma ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na inakadiriwa yalijengwa karne ya 16. Yameingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Barabara ya mwisho ni ya vumbi, na mvua ikinyesha ni ya tope. Uliza hali yake Migori kabla ya kuondoka.

Holili na Taveta: ziwa la nchi mbili

Wauza ndizi na vitunguu wa Taveta wanaijua njia ya sokoni hata gizani. Kilomita chache kaskazini mwa mji kuna Ziwa Chala, na si wengi kati yao waliolisimamia ukingoni.

Chala liko ndani ya kreta, pembeni mwa Kilimanjaro. Unatembea katika nyika kavu huoni dalili ya maji, kisha ghafla ardhi inakatika na chini kabisa kuna maji ya buluu au kijani, kutegemea jua. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Maji mengi yanatoka chini ya ardhi, kwenye miteremko ya mlima. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa, na unaweza kulifikia kutoka upande wowote. Humo mna perege wa aina ambayo kiasili haipatikani pengine popote duniani.

Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa na kutoa historia ya mvua na ukame ya takriban miaka 250,000. Mfanyabiashara wa nafaka anayelalamika kwamba vuli za siku hizi hazieleweki atapata la kufikiri hapo.

Tahadhari mbili. Usiogelee, kwa kuwa mamba wamewahi kuua mtu. Na kuteremka hadi majini ni rahisi kuliko kupanda, hasa mawe yakiwa yameloa. Nenda mapema. Asubuhi ndipo Kilimanjaro hujitokeza kabla mawingu hayajaufunika.

Muda ukibaki, uliza mtu akuoneshe kilima cha Salaita, mashariki mwa Taveta. Februari 12, 1916, majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalishambulia Wajerumani hapo na kushindwa. Taveta yenyewe Wajerumani walikuwa wameiteka tangu Agosti 1914. Kwa hiyo mpaka huu unaoulipia ushuru ulishawahi kupiganiwa kwa mizinga.

Kasumulu: kusini hakuna vuli

Anayefanya biashara na Malawi asidanganywe na kalenda ya kaskazini. Kusini msimu wa mvua ni mmoja, na Oktoba ni mwezi wa joto na ukavu. Kyela huunguza. Dawa yake ni kupanda juu, kuelekea Tukuyu, kwenye migomba, chai na hewa baridi.

Hapo Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliokaa juu ya mto kama daraja lililojengwa na fundi. Liko eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo utapita getini na kujitambulisha. Kutoka Kasumulu panga saa moja na nusu hadi mbili za njiani.

Mwenye miguu mizuri aendelee mbele hadi njia ya Ziwa Ngozi, nalo la kreta, ndani ya msitu. Utapanda kwa miguu kwa muda, na mwenyeji wa kukuongoza ni wa lazima. Kwa siku moja chagua kimoja kati ya hivi viwili. Anayetaka kulala tu mchangani badala ya kupanda milima, Matema iko upande wa Kyela, kwenye fukwe za Ziwa Nyasa.

Kabla ya kuondoka mpakani

Soma kibali chako. Kibali cha ujirani mwema cha kuvukia sokoni hakikupi ruhusa ya kwenda mbali na mpaka. Pasi ya kusafiria au hati ya muda ni salama zaidi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa vitambulisho vya taifa baina ya nchi zao, lakini usidhani kitambulisho hicho kinatosha kila mpaka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae mfukoni.

Usitoke na gari la mzigo. Lori lenye lakiri ya forodha likiacha njia yake ni kosa, hata kama ulikwenda kutazama ndege tu. Liache kwenye maegesho na mtu unayemwamini, wewe panda matatu, daladala au bodaboda.

Angalia saa. Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia ziko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja. Kampala ikiwa saa tatu asubuhi, Kigali ni saa mbili. Wapo waliokosa basi kwa hilo.

Badilisha pesa kidogo tu, sawa na nauli, chakula na kiingilio. Pesa ya mzigo isitembee nawe. Kwenye viingilio, sema kwamba wewe ni raia wa Afrika Mashariki na uoneshe kitambulisho. Sehemu nyingi bei yako si ya mgeni wa mbali, ila hakuna atakayekupa usipouliza.

Na mwachie wakala namba ya simu inayoshika mtandao upande ule. Karatasi zikikamilika mapema, urudi.

Malaba: mwamba wenye ngazi

Wiki iliyopita mama yule wa Kigali alinipigia simu. Siku hizi mzigo wake mwingine unatoka Mombasa, na ulikuwa umekwama Malaba hadi kesho yake. Hakupiga kulalamika. Aliuliza: huku kuna nini?

Nikamwuliza kama anaona mwamba mrefu upande wa Uganda, uliosimama peke yake kama jino. Akasema amekuwa akiuona kila safari.

Huo ni Mwamba wa Tororo, nikamwambia, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa gari. Sehemu zenye mwinuko mkali umewekewa ngazi za chuma, na juu unaiona Kenya yote uliyoipita jana, na Mlima Elgon kama mawingu yameinuka. Vaa viatu visivyoteleza, shuka kabla ya mvua ya mchana.

Saa saba alinitumia picha. Alikuwa juu, na viatu vyake vilikuwa vya sokoni.